Siku Kumi na Tano za Patriots ya Kigali

Kwa wakazi wa Kabingo na wa makazi ya Nakivale, Kigali si mji wa ughaibuni. Makazi hayo ya Wilaya ya Isingiro, kusini-mashariki mwa Mbarara, yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 ili kuwapokea watu waliokimbia Rwanda, na tangu hapo habari za Kigali hazijakosa masikio upande huu wa mpaka. Miongoni mwa habari hizo imo ile ya Mei 2021, mji huo ulipokuwa mwenyeji wa msimu wa kwanza wa Ligi ya Mpira wa Kikapu ya Afrika, ligi ya kulipwa iliyoundwa na FIBA pamoja na NBA ya Marekani.

Ligi ilikuwa ianze Dakar mwezi Machi 2020. Ugonjwa wa korona ukaifunga kabla haijafunguliwa, na wachezaji wakangoja zaidi ya mwaka mzima. Hatimaye timu 12 zilikusanywa Kigali kuanzia tarehe 16 hadi 30 Mei 2021, zikacheza michezo 26 katika ukumbi mmoja. Wachezaji walipimwa kila mara na kuzuiwa hotelini, mbali na jamaa zao. Askari aliyewahi kuishi kambini hana haja ya kuelezwa maisha hayo.

Wala wenye sare hawakukosekana uwanjani. Kameruni ilileta FAP, timu ya majeshi na polisi. Mali ilileta AS Police. Senegali ikaleta AS Douanes, timu ya watu wa forodha. AS Police iliishia kwenye makundi, lakini hizo mbili nyingine zilifika robo fainali.

Patriots, timu ya wenyeji, ilifungua pazia kwa kuishinda Rivers Hoopers ya Nigeria 83 kwa 60. Hata hivyo macho ya dunia hayakuwa kwa mkongwe Aristide Mugabe wala kwa Kenny Gasana. Yalikuwa kwa J. Cole, mwanamuziki mashuhuri wa Marekani, aliyesajiliwa na Patriots akiwa na umri wa miaka 36. Katika michezo mitatu alifunga pointi tano tu. Kabla ya robo fainali akarejea kwao kwa sababu za kifamilia.

Hapo ndipo palipozuka ubishi wa haki. Kanuni ziliruhusu kila timu wachezaji wa kigeni wanne, na kati yao wawili tu kutoka nje ya Afrika. Terrell Stoglin wa AS Salé ya Moroko, aliyeongoza kwa ufungaji msimu ule, alilalamika hadharani kwamba nafasi ya mtu anayeishi kwa jasho la mchezo amepewa tajiri wa kazi nyingine. Waandaaji walifurahia jina kubwa, na ni kweli kwamba watu wengi waliisikia ligi kwa mara ya kwanza kupitia kwake. Lakini jina halidaki mpira unaorudi kutoka kwenye kikapu, na lalamiko la Stoglin lilikuwa na uzito, kwa kuwa nafasi ile ni mshahara, na mshahara ni chakula cha nyumba ya mtu.

Patriots iliyobaki bila mgeni wake mashuhuri ndiyo iliyoishinda Ferroviário ya Maputo 73 kwa 71. Kwa pointi mbili hizo Rwanda ikaingia nusu fainali. Furaha haikudumu. US Monastir ya Tunisia, timu iliyozoeana kwa muda mrefu, iliwachapa wenyeji 87 kwa 46, na siku iliyofuata Petro ya Luanda ikawanyang'anya nafasi ya tatu. Zamalek ya Misri ilitwaa kombe kwa kuishinda Monastir 76 kwa 63. Monastir haikukata tamaa: ilirudi mwaka 2022 na kulichukua kombe hilo.

Mwaka huohuo wa 2022 FAP ya Kameruni ilifika tena Kigali, safari hii ikaitoa REG ya Rwanda kwa 66 kwa 63 mbele ya watu wake. Uganda ilingoja hadi 2023, City Oilers ya Kampala ilipokwenda Cairo ikiwa timu ya kwanza ya nchi hiyo kucheza katika ligi. Ilitolewa kwenye makundi.