Neno Lililoacha Ulaghai

Paukwa! Pakawa!

Haya wajukuu zangu, leo sina kisa cha sungura wala fisi. Nina kisa cha neno, nalo kwao ni Uingereza: fickle.

Zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, Waingereza walilitamka ficol. Mtu akiitwa ficol, basi jihadhari naye! Alikuwa mlaghai, mwenye hila, wa kukuchekea huku anakuchimbia shimo. Sisi tungemwita ndumilakuwili.

Lakini mnamjua mlaghai alivyo. Jana kasema hili, leo kasema lile, kesho atayakana yote mawili. Neno likaanza kuegemea upande huo wa kubadilikabadilika, na kufikia mwaka 1300 hivi likawa linamtaja mtu asiyetulia na jambo moja. Ule ulaghai ukafifia, mwisho ukatoweka. Ndumilakuwili akawa kigeugeu.

Sasa sikilizeni. Katika Romeo and Juliet, tamthilia ya Shakespeare iliyochapwa mara ya kwanza mwaka 1597, Romeo amefukuzwa mjini Verona. Kumekucha. Anashuka dirishani akimbilie Mantua, maana akikamatwa atauawa. Mpenzi wake Juliet, ambaye hajatimiza hata miaka 14, amebaki juu peke yake. Anasema na Bahati, ambayo watu wa enzi zile waliiwazia kuwa mwanamke mwenye gurudumu la kugeuza mambo. Anajua kila mtu humwita Bahati fickle. Je, anamlaumu? La! Anamsihi awe hivyohivyo, ageuke upesi, amrudishe Romeo. Kama neno lingekuwa bado linamaanisha ulaghai, nani angemwomba mlaghai amrudishie mpenzi wake? Lakini kwa aliye taabuni, kugeuka kwa mambo ndilo tumaini.

Siku hizi Waingereza hulitumia hata kwa hali ya hewa, jua asubuhi, mvua adhuhuri. Na mawingu hayana hila na mtu.

Basi wajukuu zangu, mwenzako akibadili mawazo, usikimbilie kumwita mwongo. Mwongo huficha ukweli anaoujua. Aliyebadilika huenda jana alisema kweli, na leo pia anasema kweli. Muulize kwanza kilichombadilisha. Neno la Waingereza lilichukua karne nyingi kutoka kwa ndumilakuwili hadi kwa kigeugeu. Nyinyi maneno yote mawili mnayo tayari, kila mmoja mpeni linalomstahili.