Aangukaye Mkarafuuni, Mwajiri Wake Nani?

Wanachama wetu, mkulima wa Bweranyange, kule Karagwe, huchuma buni zake miguu ikiwa ardhini. Mchumaji wetu yuko juu mkarafuuni, na tawi la mkarafuu, kama mjuavyo, hukatika bila ya kuaga.

Huko Bara kazi za hatari zaangaliwa na wakala wa OSHA, uliowekwa mwaka 2001, na sheria ya mwaka 2003. Sisi Zanzibar tuna yetu, Namba 8 ya mwaka 2005. Shirika la Kazi Duniani, lililoanza 1919, nalo lilipitisha mjini Geneva, mwaka 2001, Mkataba Namba 184 juu ya usalama katika kilimo. Ni mkataba mzuri, ila mzigo mkubwa umetwikwa mwajiri. Achumaye mikarafuu yake mwenyewe hana mwajiri. Pendekezo Namba 192 la mwaka huohuo lasema tu kwamba wakulima kama hao waingizwe katika hifadhi hiyo hatua kwa hatua.

Na yule alipwaye kwa pishi, leo shamba hili, kesho lile? Hilo tumeazimia kuwauliza wakubwa wa kazi kwa barua kabla ya msimu. Jawabu likija, tutalichapa hapahapa.