Harusi ya Saa Nne Ndani ya Diski Moja

Mama mmoja wa mtaani petu alitujia baada ya sala ya alasiri. Mkononi alikuwa na kanda ya VHS iliyofungwa katika kipande cha leso, pamoja na diski mpya ya DVD. Kanda ile ni ya kupamba kwake, na imepita miaka zaidi ya ishirini. Ndani yake yumo marehemu mamake akiimba na wenziwe, na hiyo ndiyo picha yake ya pekee yenye mwendo. Diski ilitoka kwa fundi mmoja wa picha.

"Maalim," alisema, "sauti ya mama naisikia, lakini uso wake umekuwa viraba viraba. Na fundi ameniambia kanda haina kazi tena, niitupe."

Tulimwomba kwanza asiitupe. Kuitazama hatukuitazama, maana shughuli ya wanawake si ya macho yetu. Ahali yetu ndiye aliyeikagua, akatueleza.

Kasoro yenyewe ni ya hesabu. Diski ya kawaida ya DVD hubeba gigabaiti 4.7, sawa na megabiti 37,600 hivi. Kanda ya mama yule ni ya E-240, yaani dakika 240. Gawanya megabiti hizo kwa sekunde 14,400, utapata megabiti 2.6 tu kwa kila sekunde, na sauti nayo inadai fungu lake humo humo. Ilhali kanuni ya DVD inaruhusu picha peke yake ifikie megabiti 9.8 kwa sekunde.

Kubana vidio si kama kukunja nguo, ambayo ukiikunjua unaikuta yote. Programu huhifadhi picha moja kamili, kisha kwa zile zifuatazo huandika yaliyobadilika tu. Ukuta uliotulia haugharimu kitu. Lakini wanawake wanaocheza, buibui zinazopepea, taa zinazometameta na mkono wa mpiga picha unaotetemeka, hayo hubadilika kila nukta. Nafasi ikiwa finyu, programu huanza kutupa, na kinachotupwa hakirudi. Ndiyo maana atakayekuahidi kubana kwa mtindo wa DVD bila kupoteza chochote amekuahidi lisilokuwepo. Lililopo ni kupoteza kile ambacho jicho halikitambui.

Dawa nyepesi kuliko zote ni diski mbili. Saa mbili kwa kila diski hukupa megabiti 5.2 kwa sekunde, na hapo uso hubaki uso. Bei ya diski moja ya ziada haifiki ya kilo ya nyama, nasi hatuoni kwa nini mtu aubanie uso wa mamake. Ipo pia diski ya tabaka mbili yenye gigabaiti 8.5, ila si kila mashine ya zamani huisoma vyema.

Ikiwa ni lazima iwe diski moja, zipo njia. Picha ya VHS tangu asili si kali, hivyo kuiweka katika kipimo kamili cha 720 kwa 576 ni kulisha hewa. Kipimo cha 352 kwa 576 kinakubalika katika DVD na huitosha. Sauti iwekwe katika Dolby ya kilobiti 192, si ile isiyobanwa ambayo hula 1,536. Na programu iamrishwe kupita mara mbili: mara ya kwanza inasoma penye vishindo na penye utulivu, mara ya pili inagawa nafasi kwa uadilifu. Huchukua muda mrefu zaidi. Iacheni ifanye kazi usiku mlale.

Jambo moja mafundi wengi hulisahau: kubana kufanywe mara moja, kutoka kwenye asili. Kuchukua diski iliyokwisha kubanwa na kuibana tena ni kunakili nakala, na uchafu wa kwanza hubanwa pamoja na picha.

Wenye kutazama kwa kompyuta au runinga za kisasa wana wepesi zaidi. HandBrake, programu isiyolipiwa, hubana kwa mtindo wa H.264, ambao kwa ubora ule ule huhitaji nafasi pungufu sana kuliko mtindo wa DVD. Kwa picha za ukubwa huu, kipimo cha ubora kiwe kati ya 18 na 22. Namba ikipungua, ubora huongezeka. Na kwa kuwa kazi hufanyika nyumbani, kupamba kwa bibi harusi hakupiti mikononi mwa wanaume wa dukani. Mabinti zetu wanaoijua kompyuta waifanye wao.

Kanda za pwani zina adui mwingine, unyevu, unaozaa kuvu ndani ya utepe. Basi msingoje.

Mama yule alipata diski mbili. Mamake yumo katika ile ya pili, na watu husema ana meno ya mjukuu wake. Kanda imerudi kabatini, ndani ya leso yake.