MAJI YA REJETA YANAKWENDA WAPI?

"Gari limechemsha!" Msafiri wa barabara ya Dodoma kwenda Mtera anayajua maneno haya. Gari limesimama kando ya barabara. Mvuke unatoka chini ya boneti. Abiria wameshuka, wamekaa chini ya mbuyu. Utingo ameshika dumu, anakwenda kutafuta maji.

Kama ni mwezi wa Oktoba, maji hayo yana kazi. Utingo anapiga hodi kwenye nyumba ya kwanza. Mama mwenye nyumba ameyachota tangu alfajiri, na ndoo zenyewe ni mbili tu. Atampa, maana mgeni hanyimwi maji. Lakini maji hayo yalikuwa ya ugali.

Gari moja la namna hiyo ni Land Rover ya zamani, ya miaka ya 1970. Inabeba mizigo na abiria kutoka Mlowa hadi Dodoma mjini. Mara nyingi hubeba wagonjwa pia. Dereva wake alikuwa akiongeza lita tatu za maji kila siku. Alitazama chini ya gari, pakavu. Alishika mipira ya maji, mikavu. Alipeleka rejeta ikachomelewa. Akanunua mipira mipya. Lita tatu zikaendelea kupotea. Utingo akaanza kusema kuwa kuna mkono wa mtu.

MAJI HAYALIWI NA INJINI

Petroli inapoungua ndani ya silinda, inatoa moto mkali. Chuma kingeharibika upesi kama kisingepozwa. Kwa hiyo injini imetengenezwa na njia za maji kuzunguka silinda. Pampu inasukuma maji. Maji yanachukua joto, yanakwenda kwenye rejeta, yanapozwa na upepo wa feni na wa mwendo, kisha yanarudi kwenye injini. Ni maji yale yale yanayozunguka. Petroli inaliwa, maji hayaliwi. Gari zima linaweza kukaa wiki nyingi bila kuongezwa maji. Ukiona unaongeza kila siku, jua kuna mahali yanatokea, hata kama hupaoni.

Dereva wetu alikwenda kwa fundi mmoja mzee, Dodoma mjini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kijana wangu. Gari lina nini?"

"Linakunywa maji, mzee. Na chini halivuji."

Fundi hakushika spana. Aliuliza kwanza: "Asubuhi unajaza mpaka wapi?"

"Mpaka mdomoni."

"Basi maji mengine unayamwaga mwenyewe."

Maji yakipata moto huongezeka, kama uji unavyopanda kwenye sufuria. Magari mengi ya zamani hayana chupa ya kupokea maji yanayozidi. Yanatoka kwa kibomba kidogo kilicho kwenye shingo ya rejeta na kudondoka barabarani. Kesho yake dereva anaona pamepungua, anajaza tena mpaka mdomoni. Fundi alimwambia aache nafasi ya vidole viwili. Wiki ile maji yaliyopotea yakawa lita mbili kwa siku. Lita moja ilikwishapata jibu, bila senti kutumika.

MFUNIKO MDOGO, KAZI KUBWA

Halafu fundi akatazama mfuniko wa rejeta. Watu wengi wanadhani ni kifuniko tu, kama cha chupa. Gari jingine limefungwa kwa tambara. Kumbe mfuniko una springi na mpira, na kazi yake ni kuzuia mvuke ili maji yasichemke upesi.

Jambo hili ni kubwa zaidi kwetu sisi wa nyanda za juu za kati. Pwani maji huchemka yakifika digrii 100. Mji wa Dodoma uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hapa maji yakiwa wazi huchemka kwenye digrii 96 hivi. Mfuniko mzima huyazuia mpaka yapite digrii 100 bila kuchemka. Mfuniko mbovu unaachia mvuke mapema, hasa gari linapopanda kutoka Mtera likiwa limejaa. Mvuke unachukuliwa na upepo. Ukisimama, chini pakavu.

Mpira wa mfuniko ule ulikuwa umekauka na kupasuka. Fundi akaweka mwingine. Maji yakapungua kwa lita moja na nusu.

Fundi akaingia chini ya gari. Chini ya pampu ya maji kuna tundu dogo. Pampu ikichoka, maji hudondoka hapo injini inapozunguka tu. Ikizimwa hayadondoki, na yaliyodondoka hukauka kwa joto. Hata hivyo yanaacha alama nyeupe au ya kutu, kama machozi yaliyokauka shavuni. Hapakuwa na alama. Akatazama vifuniko vidogo vya bati ubavuni na nyuma ya injini, ambavyo huliwa na kutu. Vizima. Akapapasa sakafu upande wa abiria, maana magari mengine yana kijirejeta cha kupasha joto ndani. Hutumiki, umesahauliwa, lakini maji yanapita humo. Pakavu.

"Liache hapa lilale," fundi akasema.

ASUBUHI YA PILI

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, gari likiwa la baridi kabisa, fundi aliubana mpira wa juu wa rejeta kwa mkono. Ulikuwa mgumu, kama tairi ya baiskeli iliyojazwa. Injini iliyolala usiku kucha haipaswi kuwa na nguvu ndani ya mipira. Alifungua mfuniko polepole, ukapiga mlio wa hewa. Kisha akaliwasha gari mfuniko ukiwa wazi. Injini ilitetemeka dakika nzima. Moshi mweupe ulitoka nyuma. Na kwenye shingo ya rejeta povu likapanda, bila kukoma.

Moshi mweupe wa asubuhi peke yake usikutishe. Wakati wa baridi, Juni na Julai, kila gari hutoa kidogo, kisha unakwisha. Huu haukwisha.

Fundi akafungua plagi nne. Tatu zilikuwa na rangi ya kahawia. Ya nne ilikuwa safi, kama imeoshwa. Kwa kweli ilikuwa imeoshwa na maji.

Akachomoa kijiti cha oili. Oili ilikuwa nyeusi, ya kawaida. "Una bahati," alisema. Kama ingekuwa kama chai ya maziwa, maana yake maji yameingia kwenye oili. Oili yenye maji hailainishi vyuma. Wiki chache tu na injini nzima inakufa.

Hedi ya silinda ilipofunguliwa, gasketi yake ilionekana imeungua kati ya silinda moja na njia ya maji. Tundu lilikuwa dogo kuliko punje ya mtama. Injini ikizunguka, moto ulipenya kwenye maji na kuyasukuma nje. Injini ikilala, maji yaliingia kwenye silinda. Lita na nusu zilikuwa zikitoka kwa bomba la moshi, mbele ya macho ya kila mtu.

Fundi alimwonyesha dereva njia za maji. Zilikuwa zimejaa ukoko mweupe, kama ule wa ndani ya birika la chai. Maji ya visima virefu katika sehemu nyingi za Dodoma na Singida yana chumvi. Kila ukiongeza maji hayo, unaongeza chumvi. Maji yanakwenda na mvuke, chumvi inabaki. Ukoko unazuia joto lisitoke kwenye chuma. Chuma kinapata moto kupita kiasi, kinapinda, na gasketi inaungua. Kwa hiyo kuongeza maji kila siku, kulikofanywa ili kuponya gari, kulikuwa kunaliua.

Hedi ilipelekwa kusawazishwa kwa mashine. Gasketi mpya ikawekwa. Boliti zikakazwa kwa zamu, kuanzia katikati kwenda pembeni. Njia za maji zikasafishwa. Kisha fundi alitia maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati, pamoja na dawa ya rejeta inayoitwa kulanti, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye dumu lake. Dawa hiyo inazuia kutu. Lakini mara nyingi ni sumu, na ina utamu. Iwekwe mbali na watoto, mbwa na mbuzi, wala isimwagwe ovyo.

Dereva aliuliza habari ya yai, maana madereva wa zamani huvunja yai ndani ya rejeta ili kuziba tundu. Fundi alicheka. Yai linaweza kukufikisha nyumbani siku moja, alisema, lakini baadaye linaziba na njia za maji. Yai ulile.

Kisha akamwita utingo. Kijana huyo ana kovu kutoka kiganjani hadi kiwikoni. Siku moja njiani alifungua mfuniko gari likichemka, na maji yakamrukia. Injini ikichemka, zima, fungua boneti, ngoja mpaka ipoe kabisa. Nusu saa haitoshi kila mara. Shika mfuniko kwa kitambaa kinene, uzungushe polepole. Wala usimimine maji ya baridi kwenye injini yenye moto, itapasuka.

Wiki tatu baadaye gari lilikwenda Mtera na kurudi, limejaa magunia ya vitunguu. Dereva alingoja hadi asubuhi, akafungua mfuniko, akatumbukiza kijiti. Maji yalikuwa pale pale, vidole viwili chini ya mdomo. Dumu la utingo sasa linabeba maji ya kunywa.