Chikanda: chakula cha njia ya Zambia kinachochimbwa katika milima yetu

Tulipozungumzia safari za reli katika kipindi chetu, tulitaja chakula kiitwacho chikanda, na ujumbe ukaanza kuingia: ni kitu gani hicho? Wengine mlidhani ni nyama. Baadhi yenu wa Makete hamkuuliza, maana mnakijua vizuri kikiwa bado ardhini, hata kama hamjawahi kukionja mezani. Hapa tunaeleza safari yenyewe ya kwenda Zambia kwa treni, vyakula ambavyo abiria hukutana navyo akishavuka mpaka, na kwa nini chikanda kinatuhusu sisi wa upande huu.

Reli na mpaka

Reli ya TAZARA ina urefu wa kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia. Ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa mkopo usio na riba kutoka China. Zambia haina bahari, na shaba yake ilikuwa ikipita kusini, katika nchi zilizokuwa bado chini ya utawala wa Wazungu wachache. Mwalimu Nyerere na Rais Kenneth Kaunda walitaka njia nyingine, ndiyo maana ikaitwa Reli ya Uhuru.

Kutoka Dar es Salaam treni hupita ndani ya hifadhi, ambako abiria wenye bahati huona twiga na tembo dirishani, kisha huingia bonde la Kilombero lenye mashamba ya mpunga. Baada ya Mlimba huanza kupanda milima, na hapo ndipo yalipo mahandaki mengi ya reli hii. Ukifika Makambako baridi imeshakupata. Katika stesheni hizi wachuuzi huja mpaka dirishani, na abiria mzoefu hubeba sarafu na noti ndogo, kwa sababu treni haisubiri chenji.

Tuseme wazi kwamba treni ya abiria ya TAZARA si ya kutegemea kama basi. Huduma imekuwa ikisimama na kurudi kwa sababu ya uchakavu wa injini na njia. Mwaka 2025 ulitiwa saini mkataba na kampuni ya China wa kuifufua reli, wenye thamani ya dola za Marekani bilioni 1.4. Kabla hujauza mbuzi wa nauli, uliza stesheni iliyo karibu nawe kama treni inatembea na inaishia wapi. Treni isipokuwepo, wengi hufika Tunduma kwa basi, wakavuka na kuendelea na basi lingine.

Upande wa pili wa Tunduma ni Nakonde. Mtanzania haombi viza kuingia Zambia, ila anahitaji hati ya kusafiria na mhuri wa uhamiaji wa pande zote mbili. Saa nazo hubadilika. Saa ya Zambia iko nyuma ya yetu kwa saa moja, tena wao huhesabu kwa mtindo wa Kiingereza. Mtu wa Nakonde akikuambia gari linaondoka saa kumi asubuhi, kwa saa uliyotoka nayo nyumbani ni saa tano asubuhi. Kuna walioachwa kwa hesabu hii.

Jambo la tatu ni fedha. Mwaka 2013 Zambia iliondoa sifuri tatu katika kwacha yake, na noti ya 50,000 ikawa 50. Noti za zamani haziwezi kukununulia hata andazi. Mbadilisha fedha akikupa noti yenye maelfu, mrudishie. Chenji kiasi kidogo tu, cha kukulisha siku ya kwanza.

Vinavyouzwa njiani

Kaskazini mwa Zambia, kuanzia Kasama mpaka Mpika, lugha kubwa ni Kibemba. Mama muuzaji huitwa kwa heshima bamayo. Ukitaka bei sema “shinga?” na ukishukuru sema “natotela”. Maneno haya mawili yatakusaidia kuliko Kiingereza kingi.

Mengi utakayoona hayatakuwa mageni. Nshima ni ugali wetu wa sembe. Kapenta ni dagaa, na wale wa Mpulungu wanavuliwa katika Ziwa Tanganyika lile lile linalotupa dagaa wa Kigoma. Vitumbuwa hukudanganya kwa jina: si vya mchele kama vyetu, ni unga wa ngano uliokaangwa kwa mviringo, karibu zaidi na maandazi. Munkoyo ni kinywaji cha uji wa mahindi uliochachushwa kwa mzizi wa porini uitwao hivyo hivyo. Aliyezoea togwa atakinywa bila maswali, ila uliza kimetengenezwa lini, maana kikikaa siku kadhaa kinaanza kulevya.

Kinachowashtua wengi ni vinkubala, viwavi wa miti ya miombo. Huokotwa mwanzoni mwa mvua, hukamuliwa tumbo, huchemshwa na kuanikwa, kisha hukaangwa kwa kitunguu na nyanya. Msikilizaji wa Bukoba anayekula senene hana sababu ya kukunja uso. Sisi tunaona ladha yake inakaribia dagaa wakavu kuliko nyama.

Na sasa chikanda. Ukikiona sokoni utadhani ni keki nzito ya kahawia au soseji nene iliyokatwa vipande. Hakina nyama hata kidogo. Ni viazi vidogo vya porini vilivyokaushwa na kutwangwa unga, vikachanganywa na karanga za kutwanga, chumvi, pilipili na magadi kidogo. Mchanganyiko hukorogwa katika maji yanayochemka mpaka uwe mzito, halafu hufunikwa na makaa huwekwa juu ya mfuniko ili uive na kushikana. Hukatwa na kuliwa ukiwa umepoa. Ladha ya karanga ndiyo inayotangulia, na ukitafuna unateleza kidogo na kuvutika. Kama mwili wako haupatani na karanga, usikiguse.

Kiazi kinatoka wapi

Viazi hivyo ni vya maua ya okidi, yale yanayoota katika nyasi za milimani na mbugani zenye unyevu. Zamani chikanda kilikuwa chakula cha kijijini cha Wabemba na majirani zao, kila familia ikichimba karibu na nyumbani. Kisha watu walihamia Lusaka na miji ya shaba, wakakitaka na huko. Okidi za kaskazini mwa Zambia zikaanza kupungua, wafanyabiashara wakavuka mipaka. Wakafika Nyanda za Juu Kusini: Makete, Mbeya, Rukwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti walikadiria kwamba viazi kati ya milioni 2 na 4 vilikuwa vikitoka upande wetu kwenda Zambia kila mwaka.

Ukubwa wa hesabu hiyo unaeleweka ukijua okidi inavyoishi. Chini ya mmea mmoja kuna viazi viwili. Kimoja kimesinyaa, kimeshalisha ua la mwaka huu. Cha pili ni kigumu na kimejaa. Hicho ndicho akiba ya mwaka ujao. Mchimbaji hutaka kile kilichojaa, kwa hiyo anachoondoka nacho ni mmea wa mwakani. Mtu anaweza kusema, basi tupande kama viazi mviringo. Si rahisi. Mbegu ya okidi ni ndogo kama vumbi na haina chakula ndani yake. Ili iote inahitaji aina fulani ya ukungu ulio ardhini, na hata ikiota hupita miaka kabla ya kutoa kiazi cha kuchimbwa.

Hifadhi ya Taifa ya Kitulo ilitangazwa mwaka 2005, na sababu kubwa ilikuwa maua yake, jambo la nadra kwa hifadhi za Afrika. Wenyeji huiita Bustani ya Mungu, na aina za okidi zilizomo ni zaidi ya 40. Kuchimba ndani ya hifadhi ni kosa. Nje ya hifadhi napo, okidi zote ziko katika mkataba wa kimataifa wa CITES, na kuzivusha mpaka kibiashara kunahitaji kibali.

Hatutamlaumu sana mama wa kijijini anayechimba debe moja ili apate ada ya shule. Yeye ndiye anayepata sehemu ndogo kabisa ya bei ambayo mlaji wa Lusaka hulipa, na ndiye atakayebaki na kilima kitupu mnunuzi akihamia wilaya nyingine. Mnunuzi ataenda kwingine. Ameshafanya hivyo alipotoka Zambia kuja kwetu. Wakulima wa karanga, kwa upande wao, wana soko hapa: chikanda hakitengenezwi bila karanga, na karanga inapandwa kila msimu.

Je, msafiri asile? Tunaona anaweza kuonja kipande kimoja, amuulize bamayo viazi vyake vimetoka wapi, na asinunue cha kujaza begi. Kuna vyakula vingine vya kurudi navyo nyumbani. Vinkubala wakavu hudumu, ila waulize maofisa wa mpakani kwanza kama unaruhusiwa kuwavusha.

Na kwa mnaosafiri kutokea upande huu, iwe kwa treni au basi: mwenzako akikuomba umsaidie kubeba furushi la viazi vikavu au unga wake kuvuka Tunduma, mkatalie kwa upole. Afisa akilikuta chini ya kiti chako, atakuuliza wewe kibali kiko wapi.