Je, Wajua? Chungu, Moto na Jina la Mzizi

Je, wajua kwamba mzizi mmoja unaoheshimiwa sana katika tiba ya Kichina ni ule ule ambao zamani sumu yake ilipakwa kwenye mishale? Huitwa fuzi, na kilimo chake mashuhuri kiko Jiangyou, jimbo la Sichuan. Waganga wa huko huutumia kuupasha mwili joto na kutuliza maumivu ya viungo. Sumu iliyomo ni akonitini, na kiasi cha miligramu mbili hivi chaweza kumuua mtu mzima.

Kinachoufanya mzizi huo uwe dawa ni kazi ya mikono. Hurowekwa katika maji ya chumvi, hubadilishiwa maji, kisha huchemshwa au kupikwa kwa mvuke. Joto la muda mrefu huivunja akonitini ikawa vitu vyenye ukali mdogo mno. Hata ukishafika dukani ukiwa umekaushwa na kukatwa vipande, mganga anayejua kazi yake huagiza fuzi itangulie chunguni na ichemke peke yake nusu saa, saa nzima au zaidi, ndipo dawa nyingine zifuate. Mgonjwa aliyeharakisha hatua hiyo huanza kuhisi ganzi mdomoni na kwenye ulimi. Baadaye moyo hupoteza mpigo wake na presha hushuka. Katika majimbo ya Sichuan na Yunnan watu huupika mzizi huu pamoja na nyama wakati wa baridi, na kila mara sufuria inapoepuliwa mapema, kuna wanaokimbizwa hospitali. Walio hatarini zaidi ni wale wanaouloweka katika pombe, kwa sababu pombe huitoa sumu mzizini bila kuivunja.

Naanza na fuzi makusudi. Wengi wetu tunasikia neno “mitishamba” na mara moja tunadhani ni kitu kipole, kisichodhuru. Wachina wenyewe hawakuwahi kudhani hivyo. Kitabu chao cha kale cha dawa, Shennong Bencao Jing, kiliorodhesha dawa 365 na kuzigawa katika madaraja matatu. Daraja la chini lilikuwa la dawa kali zenye sumu, zisizofaa kunywewa kwa muda mrefu.

Je, wajua kwamba ipo dawa ya Kichina inayoharibiwa na moto ule ule unaoiokoa fuzi? Ni qinghao, mmea wa jamii ya pakanga ambao wanasayansi huuita Artemisia annua. Mwaka 1967 serikali ya China ilianzisha mradi wa siri, Mradi 523, kutafuta dawa ya malaria. Mtafiti Tu Youyou na wenzake walijaribu mimea mingi, lakini qinghao iliwapa matokeo yanayoyumba: leo inafanya kazi, kesho haifanyi. Tu Youyou akarudi kwenye maandishi ya Ge Hong, tabibu aliyeishi karne ya 4. Humo aliona kwamba mgonjwa wa homa aliagizwa kuuloweka mmea majini, kuukamua na kunywa maji yake. Kuchemsha hakukutajwa. Basi akaacha moto mkali, akatumia etha, ambayo huchemka kwenye nyuzijoto 35 tu. Tarehe 4 Oktoba 1971, sampuli namba 191 ilimaliza vimelea vyote katika panya wa majaribio. Mwaka uliofuata yeye na wenzake waliinywa wenyewe kwanza kabla ya kuwapa wagonjwa. Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka 2015.

Dawa iliyotoka humo, artemisinini, sisi tunaifahamu vizuri. Ndiyo mzizi wa ALu, ile dawa mseto ambayo Tanzania iliifanya tiba ya kwanza ya malaria isiyo kali mwaka 2006. Hata lumefantrini, nusu yake ya pili, iligunduliwa China. Lakini kunywa chai ya artemisia hakuwezi kushika nafasi ya dawa mseto. Kiasi cha artemisinini hutofautiana kutoka mmea hadi mmea na kutoka kikombe hadi kikombe. Dozi pungufu huwaacha hai vimelea vilivyo sugu zaidi, na Shirika la Afya Duniani limekataa matumizi hayo. Mama anayempa mtoto mwenye homa chai hiyo na kungoja asubuhi anapoteza saa ambazo mtoto wake hana.

Je, wajua kwamba hata chungu chenyewe kina masharti? Dawa huchemshwa katika chungu cha udongo au chombo cha kioo au cha kauri. Chuma na alumini hukataliwa, kwa kuwa baadhi ya vitu vilivyomo kwenye mimea hushikana na metali hizo. Dawa hurowekwa kwanza kama nusu saa, huchemshwa na kuchujwa, kisha makapi huongezewa maji na kuchemshwa mara ya pili, na maji ya mara zote mbili huchanganywa. Mawe na magamba hutangulia. Majani yenye harufu, kama nanaa, hutiwa dakika chache za mwisho ili mafuta yake yasipotelee hewani. Mbegu ndogo zenye utelezi hufungwa kwenye kitambaa.

Tena mzizi mmoja waweza kuwa dawa mbili. Dahuang mbichi huendesha tumbo kwa nguvu. Ikipikwa na pombe huwa pole. Banxia mbichi huwasha koo vibaya, hivyo hutayarishwa kwa tangawizi au shabu. Heshouwu, inayouzwa sana kwa ahadi ya kurudisha weusi wa nywele, hupikwa na maharage meusi kwanza, na hata hivyo imehusishwa mara nyingi na madhara ya ini. Anayeinywa akaona macho yanageuka manjano au mkojo unafanana na chai ya rangi aiache siku hiyo hiyo na aende hospitali.

Je, wajua kwamba jina lililofanana liliharibu figo za wanawake zaidi ya mia moja? Ilitokea Ubelgiji. Mwaka 1990 kliniki moja ya kupunguza unene jijini Brussels ilianza kuongeza mimea ya Kichina kwenye vidonge vyake. Mmea uliotakiwa ulikuwa fangji. Uliowekwa ulikuwa guang fangji, mmea wa ukoo mwingine kabisa, wenye asidi ya aristolokia. Kufikia mwaka 1992 madaktari walikuwa wakiwapokea wanawake wenye figo zilizosinyaa, wengi wakihitaji kusafishwa damu kwa mashine au kupandikizwa figo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulichunguza wagonjwa 39 waliokubali kuondolewa figo zilizokufa. 18 kati yao walikutwa na saratani ya njia ya mkojo. China nayo ilipiga marufuku guan mutong, mmea mwingine wenye asidi hiyo, mwaka 2003. Kwangu mimi hiki ndicho kisa kinachopaswa kujulikana kuliko vyote, kwa sababu hakuna aliyekosea kipimo wala chungu. Kosa lilikuwa jina. Ndiyo maana dawa isiyoandikwa jina kamili la mmea haifai kununuliwa, hata ikisifiwa na jirani unayemwamini.

Je, wajua kwamba baadhi ya “dawa za Kichina” ziliwahi kutoka pwani za jirani zetu? Ubani na manemane kutoka Somalia na kusini mwa Uarabuni vilivuka bahari karne nyingi zilizopita, na hadi leo waganga wa China huviweka pamoja kwa mtu aliyevunjika au kuteguka. Mjamzito hapewi kabisa.

Wenye presha nao wana lao la kuangalia: gancao. Mzizi huu mtamu huingia katika mapishi mengi mno, kuzipatanisha dawa nyingine. Ukitumiwa kwa wingi na kwa muda mrefu huuzuia mwili kutoa chumvi, hupunguza potasiamu na kupandisha presha. Naye anayemeza warfarin ili damu isigande asiguse mizizi ya danshen wala danggui pasipo daktari wake kujua, maana anaweza kuvuja damu hovyo.

Je, wajua kwamba kidonge cha “mitishamba tupu” chaweza kuwa na dawa ya viwandani ndani yake? Wachunguzi wa nchi nyingi wamekuta sildenafili katika vidonge vya nguvu za kiume, steroidi katika vile vya maumivu ya viungo, na sibutramini katika vile vya kupunguza mwili, ilhali sibutramini iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa ajili ya hatari zake kwa moyo. Kidonge cha mitishamba kinachofanya kazi ndani ya nusu saa kikutie shaka badala ya furaha.

Sheria nazo zipo. Hong Kong imetaja kisheria dawa kali 31, fuzi mbichi ikiwamo, ambazo duka haliwezi kukuuzia bila cheti cha tabibu aliyesajiliwa. Tanzania ina sheria ya mwaka 2002 iliyounda Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na mganga wa tiba ya Kichina anayefanya kazi nchini anatakiwa awe amesajiliwa nalo. Muombe akuonyeshe hati. Aliye halali hatachukia. Mwambie dawa zote za hospitali unazomeza, na daktari wa hospitali naye mwambie unachochemsha nyumbani, hasa ukiwa na miadi ya upasuaji, kwani mara nyingi utatakiwa uache wiki mbili kabla. Na mtu wa nyumbani kwako akizidiwa baada ya kunywa dawa, usimwage makapi. Yafunge pamoja na pakiti yake, uende nayo hospitali.