Dar es Salaam Hadi Nairobi kwa Ndege: Ni Safari ya Saa Ngapi?

Siku hizi hata sisi wa vijijini, kama hapa Zegereni, tunapanda ndege. Mmoja anampeleka mgonjwa, mwingine anaitwa na mtoto wake aliye nchi nyingine. Tiketi ni ghali. Ukichelewa ndege haikungojei, na pesa ya korosho inaweza kupotea. Hebu leo tujifunze kuhesabu safari hiyo. Mfano wetu ni Dar es Salaam na Nairobi, mji mkuu wa Kenya.

UMBALI
Kwa basi, kupitia Arusha na Namanga, ni kama kilomita 900. Barabara huzunguka milima na kupitia miji. Ndege hukata karibu moja kwa moja, kama kamba iliyovutwa. Kwa njia hiyo ni kama kilomita 670 tu.

MUDA WA ANGANI
Ndege ya jeti ikishafika juu huweza kwenda kilomita 800 kwa saa. Kwa mwendo huo, kilomita 670 ni dakika 50. Mbona tunaambiwa ni saa 1 na dakika 20 hivi? Kwa sababu ndege hutembea kwanza uwanjani, kisha hupanda, na hupunguza mwendo kabla ya kutua.

MUDA WA SAFARI NZIMA
Sasa tujumlishe tangu mlangoni kwako:

Zegereni hadi uwanja wa ndege, pamoja na foleni za magari: saa 3.
Kufika mapema, kupima mizigo, kukaguliwa na kugongewa muhuri pasi: saa 3.
Angani: saa 1 na dakika 20.
Kukaguliwa Nairobi na kuchukua mizigo: saa 1.

Jumla ni saa 8 na dakika 20. Kumbe anayehesabu muda wa angani peke yake anajidanganya!

SAA YA TIKETI
Hapa ndipo wengi hukwama. Sisi tunaanza kuhesabu saa asubuhi. Tiketi inaanza kuhesabu saa 6 usiku. Tofauti ni saa 6.

Tiketi ikiandikwa 00 hadi 06, ongeza 6. Kwa hiyo 05:10 si saa tano asubuhi. Ni saa 11 na dakika 10 alfajiri! Ukienda saa tano, wenzako wameshafika Nairobi.
Ikiandikwa 07 hadi 18, toa 6. Basi 09:00 ni saa 3 asubuhi.
Ikiandikwa 19 hadi 23, toa 18. Basi 20:00 ni saa 2 usiku.

Angalia na siku. "Ijumaa 00:30" ni saa 6 na nusu, usiku wa kuamkia Ijumaa. Nyumbani utaondoka Alhamisi.

Saa ya Nairobi ni sawa na yetu. Lakini Kigali, Rwanda, saa yao iko nyuma kwa saa 1. Muscat, Oman, iko mbele kwa saa 1. Saa ya kufika iliyo kwenye tiketi ni ya huko unakokwenda.

ZOEZI
1. Tiketi ya Nairobi inasema 14:15. Kwa saa zetu ni saa ngapi?
2. Msafiri huyo aondoke Zegereni saa ngapi?

MAJIBU
1. Saa 8 na robo mchana.
2. Saa 2 na robo asubuhi.